Mpwa wangu aliangukia tundu lililofunikwa, nami nimeletewa karatasi nitie saini kuwa ni uzembe wake

Mshauri,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni fundi mwashi mwenye miaka 23 katika kazi hii, na kwa miaka 8 iliyopita nimekuwa kiongozi wa kikundi cha mafundi na vibarua wanaochukua kazi chini ya wakandarasi. Nakuandikia kuhusu jambo lililotokea wiki tatu zilizopita, ambalo limeninyima usingizi tangu siku hiyo na ambalo sasa natakiwa nilitolee maandishi.

Tulikuwa tukifunga fomu za bimu, yaani mbao za kushikilia zege mpaka ligande, katika ghorofa ya pili, nami nikahitaji plaiwudi ya kuzibia ubavu mmoja. Hatua chache kutoka niliposimama kulikuwa na plaiwudi mpya, safi, imelazwa sakafuni kama kitu kilichowekwa hapo kwa muda. Nikamwambia kijana aliyekuwa akinisaidia, "Niletee ule ubao." Kijana huyo ni mtoto wa dada yangu, ana miaka 19, na mimi mwenyewe ndiye niliyemtoa nyumbani kwao na kumleta kazini miezi minne iliyopita. Aliinama, akaushika ubao kwa mikono miwili, akauinua mbele ya kifua chake na kupiga hatua kuja kwangu. Sikumwona akianguka. Nilichoona ni ubao ukishuka na kulala pale pale ulipokuwa, umelifunika tundu tena, kama vile hapakuwahi kupita mtu. Chini yake kulikuwa na uwazi wa kupitishia mabomba, upana wake karibu meta moja. Alidondoka kiasi cha meta tatu, akatua pembeni mwa rundo la tofali, akavunjika paja na kifundo cha mkono. Tulimbeba kwa mikono na miguu hadi kwenye gari.

Mkandarasi alifika jioni, akasema kijana alikuwa mzembe kwa kuwa alipaswa kutazama anapokanyaga. Siku ya pili ililetwa mikanda sita ya usalama, minne ya mwili mzima na miwili ya kiunoni, ikatundikwa stoo. Juma hili nimeletewa karatasi inayosema kwamba mpwa wangu alikuwa amepewa mkanda kabla ya ajali na akakataa kuuvaa, nami nitie saini kama shahidi. Hapakuwa na mkanda hata mmoja pale saiti siku ile.

Mafundi wazee wananicheka, wanasema kuanguka ni sehemu ya kazi na kwamba wao wametembea juu ya kenchi tangu ujana wao bila kamba. Dada yangu hasemi neno. Mimi najiuliza kama kosa ni la kijana, au ni langu niliyemtuma. Tena hiyo mikanda, hata tukiivaa, tutaifungia wapi, ikiwa juu ya sakafu ile hakuna kitu isipokuwa nondo za nguzo zilizosimama? Naomba unijibu bila kunionea haya.

Fundi Mjomba

JIBU

Ndugu Fundi,

Pole kwa mpwa wako, na unifikishie pole kwa dada yako. Nitaanza na la karatasi, kwa sababu lina haraka kuliko mengine: usitie saini. Umeandika mwenyewe kwamba hapakuwa na mkanda siku ile, na shahidi anayethibitisha jambo ambalo anajua halikutokea hana pa kusimama siku atakapoulizwa. Kuna lingine ambalo huenda hukulipima. Katika nchi nyingi fidia ya kuumia kazini haimlazimu aliyeumia kuthibitisha kosa la mwajiri. Kinachotazamwa ni kwamba aliumia akiwa kazini na kwamba taarifa ilitolewa kwa wakati. Lakini maandishi yanayodai kuwa mfanyakazi alipewa kinga akaikataa kwa makusudi yanaweza kutumika kumpunguzia haki hiyo au kumnyima kabisa. Ukiiangalia kwa jicho hilo, utaona kwamba saini yako inatakiwa ili ifanye kazi dhidi ya mtoto aliyelala na paja lililovunjika.

Kukataa si lazima kuwe ugomvi. Mwambie mkandarasi kwa adabu kwamba utaandika maelezo yako mwenyewe ya yale uliyoyaona, kisha uyaandike leo, kabla kumbukumbu haijaanza kuchanganyika na maneno ya watu: saa, mahali, nani alikuwa wapi, ulisema nini, ubao ulikuwaje, tundu lilikuwa na ukubwa gani, na kwamba mikanda ililetwa siku iliyofuata. Weka tarehe na saini yako, baki na nakala, na nakala nyingine uifikishe ofisi ya serikali inayosimamia kazi na usalama kazini, au kwa chama cha wafanyakazi ikiwa mnacho. Najua unahofia kupoteza kazi, na sitakuambia kwamba hofu hiyo haina msingi, lakini saini ya uongo haikuhakikishii kazi hiyo pia.

Sasa kuhusu uzembe. Ajali iliyompata mpwa wako ni ya aina inayojulikana sana na watu wa usalama wa ujenzi, na kila mara hutokea kwa mpangilio ule ule. Mtu anaona ubao sakafuni, anaudhania ni ubao tu, anauinua kwa mikono miwili mbele yake, na ubao huo huo anaoubeba unamziba macho asione tundu ambalo ulikuwa umelifunika. Hatua ya kwanza anayopiga ndiyo inayomwangusha. Anayesema kijana alipaswa kutazama anapokanyaga anasahau kwamba kilichokuwa kati ya macho yake na miguu yake ni plaiwudi pana kuliko mwili wake. Tena kuanguka meta tatu huchukua kama sekunde 0.8, na mwili unafika chini ukiwa na mwendo wa karibu kilometa 28 kwa saa. Hakuna wepesi wa ujana unaotosha kudaka kitu kwa muda huo.

Ndiyo maana sheria za ujenzi haziridhiki na neno "limefunikwa". Kanuni za Marekani, kwa mfano, zinataka kifuniko cha tundu la sakafu kiwe na sifa tatu kwa pamoja: kiweze kubeba angalau mara mbili ya uzito wa watu, vifaa na mali vitakavyopita juu yake, kifungwe kisiweze kusogezwa na upepo, mguu au mkono wa mtu asiyejua, na kiandikwe au kipakwe rangi ili kila mtu afahamu kwamba chini yake pana tundu. Na tundu kwa maana ya kanuni hizo huanzia kwenye uwazi wa sentimeta 5 hivi, kwa sababu hata mguu ukiteleza humo mtu huanguka. Plaiwudi uliyoieleza haikufungwa wala haikuandikwa. Mimi naona heri tundu lile lingeachwa wazi mchana kweupe, kwani angeliona na kulizunguka. Lililofunikwa namna ile lilikuwa limefichwa.

Umeuliza kama kosa ni lako. Umeniomba nisikuonee haya, nami sitakufariji kwa maneno ya uongo: agizo lako lilikuwa kiungo kimoja katika mnyororo ule. Lakini hukuwa unajua kilichokuwa chini ya ubao, kama vile naye hakujua, na viungo vikubwa zaidi viko nyuma yako. Kuna aliyemwaga zege na kuacha uwazi bila kuuzungushia kitu. Kuna aliyelaza ubao juu yake bila msumari wala alama, labda akiwa na nia njema kabisa. Na juu ya wote yuko mkandarasi, ambaye ndiye mwenye kujua kwamba waashi, mafundi bomba na mafundi umeme wanapokezana sakafu moja, na kwamba tundu la fundi mmoja huwa mtego wa fundi mwingine. Kazi ya kuyaunganisha hayo ni yake. Sehemu yako wewe ni hii: kama kiongozi wa kikundi, ulipaswa kuikagua sakafu kabla watu wako hawajaanza kazi asubuhi ile. Ibebe sehemu hiyo, usibebe na ya wengine.

Tuje kwenye mikanda, maana hapo umeuliza swali ambalo wengi hawalifikirii mpaka wamekwisha kuning'inia. Ile miwili ya kiunoni irudishe. Marekani ilipiga marufuku matumizi yake ya kudakia mtu anayeanguka tangu tarehe 1 Januari 1998, kwa sababu nguvu yote ya kusimama ghafla hubanwa kwenye tumbo na uti wa mgongo, na mtu anaweza hata kuchomoka. Mkanda wa mwili mzima hugawa nguvu hiyo kwenye mapaja, nyonga, kifua na mabega.

Lakini hata ile minne mizuri, hebu tuipigie hesabu kwa sakafu yenu. Chukua kamba ya kawaida ya meta 1.8 yenye kipunguza mshtuko, uifungie chini, usawa wa miguu, kwa sababu juu hamna kitu. Fundi akidondoka, pete iliyo mgongoni mwake itashuka meta 1.8 chini ya mahali ilipofungiwa. Kipunguza mshtuko nacho kitachanika na kurefuka, pengine kwa meta moja. Kuanzia pete ile hadi nyayo zake ni meta moja na nusu nyingine. Jumla ni zaidi ya meta 4, kabla hujaongeza nafasi yoyote ya tahadhari. Chini yenu kuna meta 3. Fundi wako angefika sakafuni akiwa amevaa mkanda wake, amefungwa barabara, na kamba bado haijamaliza kazi yake. Ndiyo maana nasema mikanda ile iliyotundikwa stoo, kwa urefu ule na kwa namna ile ya kufungia, isingemsaidia mpwa wako hata kama angepewa wiki moja kabla.

Na nondo za nguzo usizitumie. Kanuni hizo nilizozitaja zinataka mahali pa kufungia pastahimili karibu kilo 2,270 kwa kila mtu aliyefungwa hapo, isipokuwa mtaalamu awe amepiga hesabu nyingine, kwa kuwa mwili unaoanguka huvuta kwa nguvu nyingi kuliko uzito wake ukiwa umetulia. Nondo iliyosimama peke yake hupinda, kitanzi kikateleza hadi nchani na kuchomoka. Bomba la jukwaa nalo halikuundwa kwa kazi hiyo. Katika kimo kama chenu, mkanda hufaa zaidi ukitumiwa kwa namna nyingine: kamba iwe fupi kiasi kwamba mtu hawezi kabisa kuufikia ukingo, hivyo haanguki tangu mwanzo. Hapo ndipo urefu wa kamba unapopaswa kupimwa kwa hatua za mtu, akiwa amesimama, siyo kukadiriwa kwa macho. Pale ambapo mkanda utatumika kudaka, kwenye majengo marefu, iwepo pia njia iliyopangwa ya kumshusha aliyedakwa, kwa sababu kuning'inia bila kutikisika huzuia damu ya miguuni kurudi moyoni, na hali huharibika kwa dakika, siyo kwa saa.

Kwa hiyo, usianze na mkanda. Kanuni za Uingereza za mwaka 2005 kuhusu kazi za juu zimepanga jambo hili kwa utaratibu ambao fundi yeyote anaweza kuukariri: kwanza jiulize kama kazi inaweza kufanyiwa chini; ikishindikana, zuia watu wasianguke; na ikiwa hilo nalo haliwezekani, ndipo upunguze umbali na madhara ya kuanguka. Mkanda wa kudaka umo katika hatua ile ya tatu. Tena kanuni hizo hazikutaja kimo cha chini kabisa ambacho hatari inaanzia, jambo ambalo naliona la busara, kwa sababu mtu anaweza kuvunja shingo akianguka kutoka ngazi ya kupakia rangi.

Kwenye sakafu yenu hilo maana yake ni vitu mnavyoweza kuvifanya kwa mbao mlizonazo. Ukingo wa sakafu na uwazi mkubwa, kama wa lifti au ngazi, uzungushiwe kizuizi chenye mbao ya juu kwenye kimo cha meta 1.1 hivi, ya katikati, na ya chini inayozuia tofali na nyundo zisimwangukie aliye chini. Kisha kiongozi mwenyewe akisukume kwa uzito wa mwili wake aone kama kinayumba. Matundu madogo ya mabomba yafunikwe kwa mbao nene zilizopigiliwa au kufungwa kwa boliti, na juu yake paandikwe TUNDU kwa rangi nyekundu, kwa herufi za kusomeka na mtu aliyebeba mzigo. Kuna njia nyingine ambayo mimi naipenda kuliko zote: mnapofunga nondo, msikate wavu wake penye uwazi. Mwageni zege kuuzunguka, nondo zibaki zimepita katikati ya tundu, na fundi bomba azikate siku anayoleta bomba lake. Ubao ukiinuliwa hapo, mguu hukutana na chuma.

Vitu hivi vina ubora ambao mkanda hauna, nao ni kwamba vinamlinda hata aliyesahau, aliyechoka na aliyeanza kazi jana. Wakati wa ujenzi wa daraja la Golden Gate huko San Francisco, miaka ya 1930, walitandaza wavu chini ya daraja zima, na watu 19 walioanguka wakadakwa humo wakiwa hai. Mwezi Februari 1937 jukwaa zima lililokuwa limebeba watu lilikatika, likauchana wavu ule, na watu 10 wakafa. Nalitaja hilo la pili ili usidhani kwamba wavu ni muujiza. Wavu umepimwa kubeba watu, si jukwaa.

Wazee wanaokucheka wasikuudhi, ila usiwaache wafundishe vijana. Wao ndio waliobaki kazini. Walioanguka katika rika lao hawapo pale kubishana nao. Ukitaka kuwajibu, waulize majina ya wenzao walioanza nao kazi, na wako wapi leo. Uliza taratibu, na uwape nafasi ya kujibu.

Unayo pia haki ya kusimamisha kazi. Mkataba Na. 167 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1988, unaohusu usalama katika ujenzi, unampa mfanyakazi haki ya kujiondoa mahali ambapo ana sababu za msingi za kuamini kuwa pana hatari kubwa iliyo karibu, naye ana wajibu wa kumwarifu msimamizi wake mara moja. Mkataba huo huzifunga nchi zilizouridhia, lakini mwaka 2022 shirika hilo liliongeza mazingira salama ya kazi katika orodha ya haki za msingi za wafanyakazi ambazo nchi wanachama zote zinapaswa kuziheshimu. Ukiwa kiongozi wa kikundi, itumie haki hiyo kwa niaba ya watu wako. Kijana wa miezi minne kazini hatakuwa wa kwanza kusema hapana.

Jambo dogo la mwisho kuhusu siku ile: mtu aliyeanguka kutoka juu asibebwe kwa mikono na miguu, isipokuwa mahali alipo pana hatari nyingine inayomjia. Mwacheni alale alivyo, mmoja amshikie kichwa kisigeuke, damu izuiwe, na msaada uitwe. Mlifanya mlichokijua, na paja ndilo lililovunjika. Ingekuwa uti wa mgongo, ule ubebaji ungeweza kumpooza.

Dada yako asipoongea, usimlazimishe. Mpelekee nakala ya maelezo uliyoandika, ikiwemo ile sentensi ya "Niletee ule ubao", na umwachie aisome kwa wakati wake.

Na ule ubao wenyewe, ikiwa bado uko saiti, usikubali utumike kwenye fomu. Uweke kando, uupige picha pande zote mbili, pamoja na sakafu inayolizunguka tundu. Umesema ulikuwa mpya na safi. Ukiwa hauna hata alama moja ya msumari kwenye pembe zake, na zege nalo halina tundu la boliti, hayo mawili yataeleza jinsi uwazi ule ulivyofunikwa kuliko karatasi yoyote utakayoletewa.